Mlango wa Zizi

Ushirombo,
14 Agosti 1977

Kaka Telesphori,

Shikamoo. Barua hii anaibeba padre wa misheni anayepitia Rwanda, kwa kuwa njia ya kuja Nairobi imefungwa. Huku pamba tumeshavuna, na mwanangu Kamili amepata komunyo.

Mwezi wa pili mwenyekiti wa tawi alitutangazia kwamba serikali imefunga mpaka wa Kenya. Mama peke yake alipiga vigelegele. Kwake zizi hufungwa ng'ombe wote wakishaingia, kwa hiyo alirudi nyumbani akakutandikia kitanda.

Nilipomweleza kuwa umebaki huko na kazi yako ya reli, hakulia. Alikataza tu zizi letu lisifungwe. Kila jioni akawa anakaa mlangoni pake na kanga moja, mvua au baridi. Fisi wakala ndama wawili.

Nilimpeleka kwa bwana mmoja wa wilayani. Akatuambia tuwe na subira, mazungumzo yanaendelea, wakubwa wanabishana nani achukue ndege, meli na mabehewa ya jumuiya iliyovunjika.

Mama akamwuliza, "Na watu?"

Akasema hilo halijafika mezani.

Mama amefariki Jumanne kwa kifua. Udongo wa kwanza ulikuwa wako, kifungua mimba. Tulikungoja siku mbili huku tukijua huji, kisha nikautupa mimi.

Tulipotoka makaburini nililifunga zizi. Usinichukie, kaka. Ng'ombe niliwahesabu kwanza.

Mdogo wako,
Coletha