Meno ya Bandia Ambayo Mke Wangu Hajawahi Kuyaona

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana hili nimeshindwa kumwambia mtu, mimi ni kinyozi, wanaume wa mtaa mzima hukaa kwenye kiti changu wakanimwagia mambo yao ila langu limenikaa kooni, natibiwa saratani ya utumbo kwa dripu za kemo na nimeapa nitazimaliza, lakini safari iliyopita daktari alitaka kuona kinywa changu, ikabidi nivue meno ya juu, yote ni ya bandia, yangu yalikwenda kwenye ajali ya pikipiki nikiwa kijana, akakuta utando mweupe na vidonda, akauliza, "Unalala nayo?" nikasema ndiyo, akasema, "Basi leo dripu hakuna, kwanza tutibu huu mdomo," akaniandikia dawa ya fangasi na kuniamuru niyavue kila usiku, hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu mke wangu alinikuta nayo na hajawahi kuniona kibogoyo, tulipochumbiana alisema alipenda kicheko changu, sasa nywele zimeisha, na mashavu nayo yakibonyea si nitakuwa nimekwisha kabisa, yeye siku hizi ananipikia uji na viazi vya kuponda bila kuuliza, juzi kaweka bafuni kikopo kipya chenye kifuniko, nami hujifungia humo nikayasuuza haraka haraka na kuyarudisha, dawa napaka lakini vidonda vinazidi, je, nihamie chumba cha watoto nisingizie kikohozi?

Kinyozi

Kaka yangu, pole kwa maradhi, na pole kwa vidonda, najua hata maji yanakuuma. Kwa hilo la chumba cha watoto sikupi pole. Mwanamke anayekupondea viazi bila kuuliza ameshajua. Kile kikopo ulidhani ni cha nini? Anakungoja useme, wewe unajifungia.

Kemo imeshusha kinga yako na kuifanya ngozi ya ndani ya mdomo iwe nyepesi. Bakteria na fangasi wamejibanza kwenye meno hayo. Unapaka dawa, kisha unawarudisha walewale. Wakipenya kwenye kidonda wanaweza kuingia hadi kwenye damu. Wewe unaogopa mkeo akuone kibogoyo, mimi naogopa asikuone tena.

Leo jioni mwambie, "Mama watoto, daktari kanikataza kulala na meno," uyavue mbele yake. Hotuba haihitajiki. Yasugue kwa brashi ya meno hayo tu na sabuni laini, uyaloweke usiku kucha kwenye maji safi, yasiwe ya moto, maana yatayapinda meno. Mchana vaa wakati wa kula tu mpaka upone. Wateja wakishangaa, waambie unatibiwa. Fizi na ulimi tumia brashi laini, sukutua maji yenye chumvi kidogo, na zile dawa za kusukutua zenye spiriti achana nazo. Muone pia daktari wa meno, maana umekonda na huenda hayakukai vizuri tena. Homa ikikupata, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Na kliniki ijayo nenda na mkeo. Daktari akisema fungua mdomo, fungua, mkeo akiwa amekaa hapo hapo pembeni yako.