Mama, Ulituambia Umefunga

Ni katika kiangazi cha mwaka 2022 ulipotutoka, Mama, na sasa mwaka umetimia bila sauti yako kanisani wala cherehani yako mlangoni.

Tunakukumbuka ukiwa umeketi penye mwanga, tepu shingoni, pini mdomoni, ukiimba tenzi kwa meno yaliyokazwa ili pini zisidondoke. Hukukata kitambaa cha mtu kabla ya kukiombea. Mteja mmoja mwenye haraka aliuliza kama suruali nayo yahitaji kubarikiwa. Ulimjibu kwamba kwa tumbo lile, yahitaji mkesha.

Ulitulea kwa mkono mzito. Aliyesema uongo nyumbani mwako alifumua mshono wa gauni zima na kuushona upya kwa sindano ya mkono, huku wenzake wakicheza nje. Binti yako mkubwa alifumua mingi kuliko sisi sote. Leo naye ni bibi, na vidole vyake havijasahau.

Ndiyo maana jambo hili linatuuma.

Mwaka wako wa mwisho ulikuwa ukisukuma sahani kando, ukisema umefunga. Tulikuamini. Tulijivuna mbele ya waumini kwamba kwa kufunga hakuna akuwezaye. Ulipokonda hata gauni la kanisani likakuning'inia, binti yako mkubwa alilipunguza kiunoni, akakutania kwamba umeamua kurudia usichana. Ulicheka. Kila Alhamisi ulijifunga kilemba ukaaga kwamba unakwenda kwenye maombi ya akina mama pamoja na Mama Pasi, jirani aliyenyoosha kila ulichoshona. Nasi tukaendelea na shughuli zetu kwa amani.

Siku chache baada ya mazishi, Mama Pasi alikuwa akikunja mikeka pale sebuleni. Akakusifu kwamba hata hospitalini uliwavunja mbavu wauguzi. Binti yako mkubwa akauliza ni hospitali gani. Mama Pasi akauweka mkeka chini, akaketi.

"Ya kila Alhamisi," akasema.

"Alhamisi Mama alikuwa kwenye maombi."

"Mwanangu, maombi tuliyafanya kwenye benchi, tukisubiri aitwe."

Akaeleza kwamba chakula kilikuwa hakikupiti tena kooni, na kwamba ulimwapisha asiseme, kwa kuwa hukutaka wanao waache kucheka mbele yako.

"Sisi ni wanawe," binti yako akasema. "Wewe ulikuwa nani wake?"

"Mimi nilikuwa wa kumshikia mkoba."

Tangu siku hiyo binti yako hakumwamkia tena Mama Pasi. Alipita mbele ya meza yake ya pasi akitazama upande wa pili. Wala hatutakuficha, maana wewe ulituficha vya kutosha: sisi wengine tulikukasirikia wewe. Ulitunyima zamu yetu. Wajukuu wako wangeshindania kukusindikiza. Mungu ulimwamini kwa kifo chako, lakini sisi hukutuamini hata kwa machozi yetu.

Majuzi kitinda mimba wako alileta habari kwamba Mama Pasi naye anaugua. Miguu imemvimba, na huenda hospitali ileile peke yake, akishikilia kuta. Binti yako mkubwa alisema na aende, kwani si ndiye hodari wa siri. Kisha chakula kikamshinda. Mjukuu wake alipomwuliza kwa upole kama naye amefunga, aliondoka mezani.

Unakumbukwa na wanao, wakwe zako, wajukuu na vitukuu, dada yako aliyebaki, na wanakwaya uliowavalisha. Ungali mioyoni mwetu na hutoki, hata siku ambazo tunakulaumu.

Ibada ya kumbukumbu yako tuliifanya Alhamisi hii. Binti yako mkubwa hakuwapo. Asubuhi alibisha hodi kwa Mama Pasi, naye Mama Pasi, alipomwona amevaa nguo za kanisani, alimhimiza awahi, kwani leo ni siku ya mama yake.

"Shikamoo, mama," binti yako akamwambia. "Vaa viatu, twende hospitali."