Posa Niliyoiandika Bila Wewe

Baba Idrisa, mpenzi wangu,

Wewe ungeanza kwa ukurasa mzima wa salamu. Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi na sijui nikusalimie vipi. Hujambo haikufai tena. Basi nakuombea rehema kwa Mola, halafu niingie kwenye maneno yangu moja kwa moja, ile tabia yangu uliyokuwa ukiilalamikia, kwamba mke wako anaingia ndani bila kupiga hodi.

Nimeandika posa ya mwanao. Kwa miaka yote ile uliwaandikia posa watu wa Dunda nzima, na hakuna hata moja ambayo hukunisomea kwanza. Hii ya Idrisa hukuisikia. Ndiyo maana nakuandikia.

Nimekaa kwenye meza yako ya kukatia nguo. Chaki yako ya bluu bado ipo juu ya mbao, mistari ya kanzu ya mwisho uliyoikata, sijaifuta. Mchana jua likiingia dirishani mistari ile inafanana na mwandiko, na nikiitazama sana nahisi kwamba nikivumilia kidogo tu nitausoma. Nasra huwa ananiuliza, bibi unatazama nini, namwambia sitazami kitu.

Leo nimeikumbuka posa yako iliyoletwa kwetu Fukayosi. Hukuwepo ilipofunguliwa. Washenga wako waliiacha kwa adabu zote, wakasema majibu watayafuata, wakaondoka. Baba hakujua kusoma, na kaka zangu walikuwa shambani, kwa hiyo akaniita mimi niliyemaliza darasa la saba. Nilitoka jikoni mikono ina unga wa muhogo. Baba alishajua ni posa, ila pale nyumbani tulikuwa wasichana watatu. Dada Zena akajifunga kanga upya, akaja kukaa karibu, maana mkubwa ni yeye.

Nikasoma. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa kumsifu Mungu, nao ulikuwa mzuri. Ukurasa wa pili mlikuwa mmesimama kwenye kizingiti cha nyumba tukufu, mikono mitupu, mkiulizia lulu. Kila nikimaliza mstari baba anauliza, "Wanamtaka yupi?" Namwambia bado, baba. Kuku wanapita, jua linapanda, nami nasoma maneno ambayo nusu yake sikuyajua, nayatamka tu. Yalikuwa matamu mdomoni. Nilianza kumwonea wivu huyo lulu, yeyote aliyekuwa. Ukurasa wa tatu, mstari wa nne, nikakuta jina langu, nikanyamaza.

"Mbona umenyamaza?"

"Wanamtaka Mwanahawa, baba."

"Mwanahawa yupi?"

"Mimi."

Dada Zena alicheka mpaka akajishika mbavu. Akasema lulu gani inayounguza wali kila Ijumaa. Baba hakucheka. Alisema watu hawa wana maneno mengi mno, na mtu mwenye maneno mengi hivyo, siku ukimkosea, atakusema mpaka lini? Akaiweka barua juu ya kabati. Mshenga aliporudi, baba alimwomba azungumze kama anavyozungumza na mke wake nyumbani. Mambo yakaisha kabla chai haijapoa. Ulipohadithiwa ulinuna siku mbili. Mwenyewe ulikiri.

Tulipooana nikawa msikilizaji wako. Unashona, unasimama, unatoa penseli nyuma ya sikio, unaandika mstari, unaniita. "Mama Idrisa, sikia hii." Nami huku napepeta mchele nasikia, halafu nauliza, na shida yake hasa ni nini? Uliudhika. Ulisema mtu anayepeleka posa kwa maneno makavu ni sawa na aliyekwenda ukweni na shati la shambani. Nikakuuliza siku moja kwa nini waandike, si waende wakaseme tu. Ulifikiri kidogo, sindano ipo mdomoni, ukaitoa ukasema, "Mdomoni watu wanakukatiza. Karatasi wanaisubiri imalize." Neno lile nililichukua nikaenda nalo jikoni, na limekaa nami mpaka leo.

Na sikatai. Nilimwona yule bibi muuza vitumbua uliyemwandikia barua kwa mwanawe aliyekuwa Maskati. Alikuja kusema paa linavuja na anamkumbuka kijana wake. Ulipomsomea alichokwisha kukutajia, jinsi ulivyokipanga, aliufunika uso kwa mtandio. Akauliza, "Hayo yote yalikuwa ndani yangu?" Ukamwambia ndiyo, yake mwenyewe. Alitoka barazani anatembea taratibu kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa. Siku hiyo nilijua kwamba maneno yako hayakuwa mapambo tu.

Lakini nakumbuka na siku nyingine, siku ambayo sote wawili hatukupenda kuitaja. Mwanamume mmoja alitaka posa, na alikuwa na mke tayari, hakutaka lisemwe wazi. Ukalisema, na ulilisema vizuri sana, kiasi kwamba mtu angeweza kulipita bila kuliona. Baada ya harusi mama wa yule binti alikuja hapa barazani na barua mkononi, akakuomba umwonyeshe palipoandikwa. Ukamwonyesha kwa kidole. Akapatazama kwa muda mrefu.

"Umeliandika ili nisilione," akasema.

Hakupaza sauti. Alikunja barua yake akaondoka. Wewe hukula mchana wala jioni, na kanzu ya mteja ulimshonea mkono wa kushoto upande wa kulia ukaifumua. Tangu pale ukawa unaniuliza mimi kwanza, "Hapa panaeleweka?" Nilifurahi kuulizwa. Sikufurahia sababu yake.

Halafu kikaja kiharusi, mkono wa kulia ukalala na ulimi ukalala. Uliandika kwa mkono wa kushoto, kwenye daftari la vipimo, herufi zimelegea kama za mtoto wa chekechea. Ninazo zote. Maji. Funga dirisha. Nasra amekula? Na ile ya wiki ya mwisho, nilipokuwa nainuka kwenda kutazama chungu: Kaa hapa. Wewe uliyeniposa kwa kurasa tatu. Nilikaa. Wali ukaungua, na sikujali.

Sasa nikuambie ya mwaka huu. Idrisa amempata msichana, anaitwa Mwajuma, wa Miono. Alimwona Mapinga, anakoweka vigae kwenye nyumba za watu, naye Mwajuma alikuwa kwa shangazi yake. Baba yake ni mkulima wa ufuta, mtu mkimya, mkali kidogo wanasema. Mdogo wako Abdala ndiye amesimama mahali pako. Alikuja na nakala yako moja ya zamani, akaniwekea hapa mezani.

"Shemeji, nakili hii, badilisha majina tu."

Nikamuuliza kuhusu Nasra. Mwajuma mwenyewe anamjua Nasra, Idrisa alimwambia mapema. Baba yake ndiye hajui kwamba kijana anayekuja kuposa ana mtoto wa miaka mitano, aliyempata bila ndoa. Abdala akasema la mtoto tuliache, likiulizwa tutalijibu.

"Na lisipoulizwa?"

"Basi Mungu amelisitiri."

Nasra alikuwa chini ya meza hii hii, anaokota vipande vya nguo anampangia mwanasesere wake. Sikujua kama anasikia. Anasikia kila kitu, unamjua.

Alasiri nilijilaza, usingizi ukanichukua. Nikakuona umeketi hapa, unasoma karatasi, na karatasi ni nyeupe haina kitu. Unatikisa kichwa taratibu kwa kuridhika, kama ulivyokuwa ukifanya. Nilitaka kukuuliza umesoma nini, nikaamka. Nikatia udhu nikaswali, nikachukua kalamu.

Nilianza na salamu yako, ile unayowasalimu waliomo ndani na walioko shambani, kwa sababu ni nzuri na ni ya kweli. Yaliyobaki ni yangu. Niliandika kwamba tunamwomba Mwajuma awe mke wa Idrisa. Niliandika kazi anayofanya, na kwamba haswali alfajiri kila siku lakini anajitahidi. Kisha niliandika: Idrisa ana mtoto wa kike, jina lake Nasra, ana miaka mitano. Mama yake hakumwoa. Mtoto anaishi na mimi, na atabaki kuwa wa nyumba hii. Niliandika mstari huo peke yake, nikauacha na nafasi juu na chini, mtu asiupite.

Abdala aliposoma akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake kama kuna mengine. "Shemeji, hii ni posa au meseji ya simu?" Nilicheka, naye akacheka kidogo, kisha akaacha. Akasema nikumbuke si jina langu litakaloaibika Miono, ni la Idrisa. Hilo ni kweli, na lilinichoma. Alikaa nayo siku mbili, ndipo akatia sahihi. Ikafungwa kwenye leso nyeupe, mshenga akaondoka nayo.

Siku kumi na tatu bila majibu, Baba Idrisa. Idrisa alikuwa akipiga simu kila asubuhi, kisha akawa hapigi. Siku ya kumi alikuja mwenyewe, akakaa pale mlangoni anabandua saruji kwenye kucha. Aliniuliza bila kunitazama, "Mama, lile la mtoto usingeliacha?" Nilimwambia sikujua pa kumweka mtoto nje ya barua. Akala, akarudi Mapinga. Nilibaki nawaza kwamba huenda nimemkosesha mwanangu mke kwa sababu tu sijui kuandika kama wewe.

Jana mshenga alirudi. Anasema mzee wa Miono alitaka isomwe mara mbili, na mara ya pili alimsimamisha msomaji penye mtoto, akainuka kwenda kutazama mbuzi wake, akarudi. Majibu yameandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule: Barua yenu tumeipata. Yote tumeyaelewa. Njooni Jumamosi tuzungumze. Mtoto mje naye.

Sijui watasema nini Jumamosi. Sijui hata wewe ungesema nini, ungecheka au ungenuna siku mbili. Pumzika tu, mume wangu. Nikirudi nitakueleza, kwa maneno yangu haya haya machache.

Nimemwambia Nasra kwamba tunakwenda Miono. Ameniuliza kama huko kuna mtu anayemjua. Nimemwambia wanamjua, nimewaandikia.

Mkeo,
Mama Idrisa