Plagi Mbili za Makoye

Mhunze, Kishapu,
Shinyanga.
Jumanne, 12 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Dominiko,

Mwangaluka. Shikamoo uliyonitumia kwa sauti wiki iliyopita niliipokea, marahaba sana. Natumaini kwamba wewe, wifi Jenifa na Meshack mnaendelea vizuri huko Oklahoma, na kwamba goti lako limetulia tangu ulipoacha kupanda ngazi za mabomba kazini. Nijulishe ukweli wake, si ule unaoniambia ili nilale.

Sisi tu wazima. Mtama umeingia ghalani, kisima hakijakauka, na miwani yangu mpya inanifaa. Kaka Luka anaendelea na mashine yake ya oksijeni. Vumbi la miaka ishirini na sita katika maduara, yale mashimo ya dhahabu ya Nyarugusu, lilimwachia mapafu mabovu, lakini ulimi wake halikuugusa, na mimi ninayeishi naye nyumba moja ndiye shahidi.

Ninaandika kwa karatasi kwa sababu jambo lenyewe linahitaji mchoro, nao nimeuambatisha. Pia nina maswali ambayo sitaki uyajibu kwa kidole gumba.

Picha za harusi ya Noela ulishaziona. Hazikuonyesha swali lililoitangulia kwa mwezi mzima: je, baba wa bibi harusi angefika? Daktari alimruhusu Kaka Luka kusafiri hadi Nyarugusu kwa sharti moja, kwamba huko apate umeme wa uhakika kwa ajili ya mashine. Mitungi midogo ya oksijeni ingemtosha njiani na kanisani tu. Nyumba ya wakwe ingejaa wageni na vumbi. Kwa hiyo binamu yetu Theonest alitupatia Kosta yake aliyoing'oa viti, akaweka kitanda, kiyoyozi na jiko la umeme. Kwa maneno mengine, tulipata nyumba ya magurudumu kama yako, isipokuwa yetu bado imeandikwa ubavuni jina la timu ya mpira.

Tuliifanyia majaribio hapa nyumbani katikati ya Julai, kwa waya mmoja kutoka soketi ya sebuleni. Kiyoyozi hula wati elfu moja na mia tano, jiko elfu mbili na mia nne, mashine mia tatu na hamsini. Soketi moja, kwa hesabu ya haki, hutoa wati elfu tatu hivi. Nilitaka kuona fyuzi ingevumilia muda gani. Ilivumilia dakika ishirini na mbili, ikaungua, na vyote vitatu vikazimika pamoja. Mtungi ulikuwa karibu, lakini kabla sijaufungua niliziona kucha za Kaka Luka zikibadilika rangi. Tangu siku hiyo sikulichukulia tena suala hili kama zoezi la darasani.

Ndipo uliponitumia picha ya adapta yako, ile yenye plagi mbili upande mmoja na tundu moja kubwa upande wa pili, ukasema kwamba ukiichomeka katika nguzo ya umeme ya kambi yenu ya nyumba za magurudumu unapata umeme zaidi. Nilimwonyesha Makoye, fundi umeme wa hapa Mhunze. Aliitazama picha kwa muda mfupi kuliko inavyostahili, akasema, "Hii nakutengenezea leo leo, Mwalimu." Jioni aliileta: plagi mbili za kawaida, waya zake zimeunganishwa pamoja, zinaingia kwenye ekstensheni moja. Kazi yake ilikuwa safi kwa macho.

Nilichomeka plagi moja tu ukutani, nikagusisha testa kwenye vyuma vya plagi ya pili iliyokuwa inaning'inia hewani. Taa ya testa ikawaka: vyuma vitupu vilikuwa na umeme.

"Mwalimu, hiyo si tatizo," Makoye alisema. "Unachomeka zote mbili, basi. Nani atachomoa moja?"

"Wewe," Kaka Luka alimjibu kutoka kitandani. "Ukishashiba pilau, utachomoa uchaji simu."

Makoye alicheka, nami sikucheka, kwa kuwa ndivyo ambavyo ingetokea hasa. Hata hivyo, hakukubali kushindwa. Hoja yake ilikuwa kwamba hapa nyumbani soketi zote hutoka kwenye breka moja, na kufungua lango la pili la zizi hakuongezi ng'ombe, hilo alilijua. Lakini kwa Mzee Mayala, baba yake Adam, mume wa Noela, kuna nyumba na kuna chumba cha karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na kila kimoja kina laini yake. "Kule ni mazizi mawili," alisema. Hoja ilikuwa nzuri kiasi cha kunifanya nifunge safari.

Alhamisi ya tarehe 31 Julai tulifika Nyarugusu, mimi, Makoye na mita yangu ya shule. Nilipima soketi ya nyumba: volti 231. Soketi ya chumba cha karasha: 229. Makoye alitabasamu. Kisha nikapima kati ya waya wa moto wa soketi ya kwanza na waya wa moto wa soketi ya pili, kwa kurefusha waya wa mita hadi uani. Mita ilisoma 397.

Nilimwachia aisome mwenyewe. Karasha huendeshwa kwa umeme wa fezi tatu, na soketi zile mbili zilikuwa kwenye fezi tofauti. Kuziunganisha ndani ya kifaa kile kungekuwa sawa na kugonganisha waya mbili za moto kwa makusudi, hatua mbili kutoka mahali anapolala mtu anayevuta oksijeni. Makoye alitoa koleo mfukoni, akaikata adapta yake vipande vinne, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa ya Domi inafanyaje kazi?"

Hilo ndilo swali langu kwako, na limeninyima utulivu hata baada ya harusi. Dhana yangu ni hii: adapta yako haiunganishi kabisa. Kila plagi hupeleka laini yake katika nusu yake ya gari, na laini hizo mbili hazikutani popote. Makoye alinakili umbo la nje, kwa sababu picha haionyeshi kilichomo ndani. Ikiwa nimekosea, nionyeshe wapi. Tafadhali, mwombe mtu mwenye mita halali apime kati ya waya wa moto wa tundu kubwa la nguzo yenu na ule wa tundu dogo. Akipata karibu 240, yaani laini mbili tofauti, mko salama kwa sehemu hiyo. Akipata karibu sifuri, basi zote mbili ni laini ileile, na waya wa kurudi, nyutro, katika plagi ndogo unaweza kubebeshwa zaidi ya kiasi chake bila breka yoyote kujua. Niandikie namba, si maelezo. Na adapta yoyote isiyo na alama ya ukaguzi usiitumie, hata kama jirani yako anaisifu.

Tukiwa bado pale uani nililazimika kukiri jambo la kuniaibisha. Kwa wiki mbili nzima tuliuliza tutapataje umeme zaidi, wala hakuna aliyeuliza unatumika kwa kazi gani. Ukiliondoa jiko, kiyoyozi na mashine vinabaki na wati elfu moja na mia nane na hamsini. Soketi moja ilitosha tangu mwanzo. Jiko liliwekwa kwa sababu Kaka Luka alitaka uji wake upikwe palepale. Nilipompigia simu kumweleza, alisema, "Kumbe nilikuwa nashindania pumzi na sufuria ya uji!"

Soketi mbili tulizitumia, lakini kwa nyaya mbili zisizokutana: mashine peke yake kwenye laini ya nyumba, kiyoyozi peke yake kwenye laini ya karasha. Kimoja kikizimika, kingine kisijue.

Kilibaki kizuizi kimoja. Nilipokuwa napima mara ya mwisho, vijana wa Mzee Mayala waliwasha karasha, na mita ikaporomoka kutoka 231 hadi 184. Kwa kiwango hicho mashine ya oksijeni hupiga king'ora na kusimama. Karasha huzimwa na kuwashwa mara nyingi kwa siku. Nilimfuata mzee, nikamweleza kwa adabu, nikijua kwamba sikuwa na haki ya kumwomba chochote mtu ambaye kesho kutwa angekuwa mkwe.

Aliniuliza, "Kwa siku ngapi, Mwalimu?"

"Kuanzia Ijumaa atakapofika hadi Jumapili atakapoondoka."

Alitazama lile rundo la mawe lililokuwa linasubiri. "Luka alisaga hapa kabla mimi sijanunua hili," alisema. "Hili hili ndilo lililomla kifua. Likae kimya siku tatu, halitakufa."

Alizima swichi ya karasha lenyewe, si ya soketi, Ijumaa asubuhi kabla hatujarudi na Kaka Luka, akaufunga mlango wa chumba, na ufunguo akanikabidhi mimi.

Usiku wote wa Ijumaa mashine haikusimama hata mara moja. Jumamosi Kaka Luka alishuka garini kwa miguu yake. Makoye, ambaye alikuja bila kualikwa, alimbebea mtungi, akitembea nyuma yake hatua kwa hatua kama mpambe. Walisimama mara mbili kati ya mlango wa kanisa na mbele, na kwaya ikarudia ubeti badala ya kumaliza. Aliushika mkono wa Noela akauweka katika mkono wa Adam. Alikuwa amepanga maneno ya kusema, lakini pumzi haikumtosha, akaishia kumwinamishia kichwa, na Adam akaitikia, "Ndiyo, baba."

Tulirudi Jumapili. Tangu hapo amelala sana, na nimemruhusu.

Anakusalimu. Wengine wanaokusalimu ni Theonest na mkewe Eunice, Mama Anisia jirani yetu, na Noela, ambaye ameniagiza nikuambie kwamba nafasi yako pale mbele ilibaki wazi kwa makusudi. Mpe wifi Jenifa pole ya kazi, na Meshack mwambie shangazi yake anataka kujua anapenda hesabu au anazivumilia tu.

Mwenyezi Mungu alinde kuingia kwenu na kutoka kwenu, na awafikishe nyumbani wakati bado tupo wote.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kupunguza,

Melania