Msasa wa Mavi ya Chuma

Chumbageni,
Tanga.
9 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Bertha,

Shikamoo. Baridi ya Mbeya inakuacha ulale? Na yale magoti, yametulia? Sisi huku tu wazima, namshukuru Mungu, na mbu wetu hawajatususa.

Najua umeshamwandalia Baba chumba. Tangu macho yake yafifie amekuwa akisema atafunga karakana ya useremala aje kukaa kwako, nami naitikia tu huku moyo unakataa. Nyumba hii bila sauti ya randa yake itanishinda.

Sasa sikia ndoto yangu, na usicheke. Kuna kiwanda hapa kinachoyeyusha vyuma chakavu. Yale mabonge meusi yanayobaki tanuruni, mavi ya chuma, walikuwa wakiyatupa. Mume wangu Hosea akayaomba, wakatupatia bure. Tunayaponda, tunayachekecha, tunazibandika chembe kwa gundi kwenye kitambaa, basi ni msasa. Mchana nikizipepeta juani zinametameta, nami nasahau hata chungu jikoni. Naona milango ya mji mzima na vitanda vya maharusi, vyote vimelainishwa na kitu kilichokuwa jalalani. Hosea anasema naota macho wazi. Ni kweli, wali umeungua mara ngapi!

Msasa wa kwanza ulitutia aibu. Maji ya bomba yalikatika, tukaenda kuosha chembe baharini, Raskazone. Chumvi ikabaki, ikavuta unyevu, gundi haikushika. Baba aliposugua ubao, chembe zote zikamwagika mkononi mwake.

"Mwanangu, huu msasa au ufuta?" akaniuliza.

Kisha akaanza kutia randa zake kwenye gunia. Shangazi, nililia.

Tukaosha chembe nyingine kwa maji ya kisima, tukazianika mpaka zikakauka kabisa. Jana nikampa msasa mpya. Akasugua ubao wa mninga, akaupitishia kiganja taratibu, maana siku hizi kiganja ndiyo macho yake. Akarudia tena. Nikashindwa kutazama, nikatoka uani.

Mara nikasikia ananiita, "Yudi! Lete mwingine, huu umekwisha. Na mwandikie dada yangu asinisubiri."

Ndiyo maana nakuandikia, Shangazi. Usitukasirikie. Njoo wewe, umsikie anavyoimba kazini.

Wasalimie Mzee Abrahamu na mdogo wangu Queen. Bwana awafunike kwa amani yake, asubuhi na jioni.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Yudith