Kiti cha Kaka

Mwenzangu, nimetoka gereji sasa hivi.

Lile gari kuukuu la marehemu kaka, alilokuwa akilitengeneza kwa ajili ya rali, limekamilika. Nikaingia nikae, maana Jumamosi naliendesha mimi. Miguu haikufika kwenye pedeli! Kiti kimefungwa kwa kipimo chake, na ule urefu wake unaujua.

Fundi akasema, "Dada, nikisogeze mbele?"

"Usikiguse!" Mimi huyu, nikamfokea mbele ya gereji nzima!

Akaniuliza taratibu, "Sasa marehemu ndiye atakayeendesha?"

Nikaomba spana nikifungue mwenyewe. Nati ya kwanza ikagoma kabisa.

Fundi akacheka huku anafuta macho. "Hiyo aliikaza yeye. Nilimwambia inatosha, akasema bado."