Mapovu ya Salum

Temeke, Jumapili, 1996

Nilidhani nimeiua mimea ya majini ya marehemu mume wangu, Salum. Tangu nilipoosha tangi lake la samaki mwezi uliopita, majani ya upande wa kushoto yamekuwa yakigeuka njano, na mie najilaumu kila siku.

Leo shemeji Hamisi, mdogo wake Salum, amekuja kunijulia hali. Akaiangalia ile chupa ya sukari na hamira inayoilisha mimea hewa ya ukaa kwa mpira mwembamba, akacheka kidogo.

"Shemeji, mpira umeuweka pembeni kulia. Mapovu yanapanda na kupasukia juu. Kaka alikuwa anauweka chini ya pampu, ili maji yaisambaze hewa tangi zima."

Tukauhamisha. Kufika alasiri, hata majani ya kushoto yalikuwa na vitone vya hewa vinavyometameta.

Salum alikuwaga ananiita nikiwa jikoni: "Mama Zuhura, njoo uone, yanapumua!" Nami namjibu, "Subiri, nakaanga samaki." Miaka yote ile sikwenda hata mara moja.

Leo nimekaa mbele ya kioo cha tangi mpaka magharibi. Kumbe yanapendeza hivi.